Kibali cha kujenga nyumba: siku 94 na kaunti

Habari ya kibali niliianza kuitilia maanani siku askari wa kaunti walipopita mtaani kwetu na kopo la rangi nyekundu. Ukuta wa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu, ulipigwa X kubwa hadi rangi ikachuruzika kwenye mawe ya msingi. Na mwenyewe alikuwa ameshafika linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Mimi wakati huo nilikuwa na ploti tupu ya futi 50 kwa 100, mnazi mmoja, na fundi aliyenipigia simu kila jioni: “Tajiri, tuchimbe msingi tu, hayo makaratasi yatakuja yenyewe.”

Hayaji yenyewe. Nimeyafuata kwa miguu na sasa naweza kueleza.

Haya ni ya kaunti moja ya Pwani ya Kenya, nyumba ya chini ya vyumba vitatu, mwaka 2025. Kaunti ziko 47 na kila moja ina ada zake na mtandao wake, kwa hivyo usibebe bei zangu ukaenda kugombana nazo kwenye kaunta ya kwenu. Sheria ndiyo moja, ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019. Ukijenga bila idhini ya kaunti, faini yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Nilipomsomea fundi akanyamaza kidogo, kisha akasema wanaofungwa ni wenye ghorofa.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijafika kaunti. Kuna kijana hapa mjini anachora ramani kwa kompyuta, akanitoza 8,000. Akanipa mpaka picha ya nyumba usiku, taa zimewaka na gari limeegeshwa barazani, gari ambalo sina. Picha ilipendeza, ila ramani haikuwa na muhuri. Kaunti haipokei ramani isiyo na muhuri na sahihi ya msanifu aliyesajiliwa na bodi yao, BORAQS, na michoro ya msingi na nondo ni lazima iwe ya injinia aliyesajiliwa naye. Nikaanza upya: 45,000 kwa msanifu, 20,000 kwa injinia. Zile 8,000 bado zinaniuma, na ile picha ningali nayo kwenye simu.

Ukimpata msanifu, muulize kama leseni yake ni ya mwaka huu. Kisha mwambie aandike namba ya simu yako kwenye maombi, si yake peke yake. Kwetu anayeingiza maombi mtandaoni ni msanifu, kwa akaunti yake, na ujumbe wote huenda kwake. Wangu alikuwa na wateja wengi. Kuna maoni ya kaunti yalikaa kwenye barua pepe yake siku tisa mimi nikiilaani kaunti bure.

Makaratasi yenyewe si mengi: nakala ya hati, sachi mpya (karatasi ya kuthibitisha mwenye ardhi) kutoka ofisi ya ardhi, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), ramani, na cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi. Hicho cha mwisho nilidhani ni cha dakika tano. Kilinila wiki tatu.

Ploti yangu ilikatwa kutoka kwenye shamba la ekari mbili, tukanunua watu 14. Hati zetu zilitoka 2019 zikiwa na namba mpya, kila mtu na yake. Ila ofisi ya ardhi ni ya serikali kuu, na vitabu vya kodi viko kaunti, na baina yao hakuna aliyepeleka habari. Kwa kaunti shamba lile lilikuwa bado moja, namba ya zamani, jina la mzee aliyetuuzia, na deni la miaka sita, shilingi 61,000. “Dada, wewe kwenye mfumo hauko,” karani akaniambia, si kwa ubaya. Hati yangu ilikuwa juu ya meza yake. Yeye alikuwa akiangalia skrini.

Ilibidi nimtafute mzee. Alikuja na mfuko wa nailoni, ile mifuko ya zamani ya kabla ya marufuku ya 2017, ndani yake risiti zimegandana kwa unyevu kama maandazi yaliyofungwa yakiwa moto. Karani aliyekuwa akiniudhi wiki mbili akachukua rula, akazibandua moja moja, akazipanga mezani kwa miaka. Kumbe mzee alilipa mpaka 2021 na malipo hayakuingizwa. Deni likashuka hadi 22,400, likagawanywa kwa 14, fungu langu likawa 1,600. Nililipa nikiwa nimesimama pale pale. Yule karani nampa nyota tano, mfumo wake simpi kitu. Wenzangu 13 nimewaambia wakashughulikie mapema. Waliokwenda ni wawili.

Maombi yaliingia Jumatatu, tarehe 9 Juni. Ankara ya kaunti ikatoka siku ya nne, 23,400, kwa hesabu ya mita za mraba za nyumba. Nikalipa kwa M-Pesa, risiti ikaja kabla sijaweka simu mfukoni. Kwa hapo sina lalamiko.

Baada ya hapo mtandao ukaandika “inapitiwa”, ukakaa na neno hilo siku 38. Faili hupita idara kadhaa, mipango, uhandisi, upimaji, afya ya jamii, na skrini haikuambii iko kwa nani. Nilikwenda mwenyewe. Nje ya geti kijana mmoja mwenye faili kwapani akaninong’oneza kwamba kwa 15,000 “ataishika mkono”. Nikamwambia ina mikono tayari. Ndani, mama wa mapokezi alitazama akaniambia kwa sekunde kumi: iko afya ya jamii, afisa anataka kuona ploti, hana gari wiki hii. Sekunde kumi! Hilo likiandikwa kwenye skrini, nusu ya foleni ya asubuhi ingebaki nyumbani.

Na huyo afisa wa afya, ambaye nilikuja nimemkasirikia, ndiye aliyenifaa kuliko wote. Alifika kwa bodaboda na tepu ya mita 50. Hakuitazama nafasi ya nyumba hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye ua wa nyuma, akachungulia kwa jirani, akauliza: “Kile kisima wanakunywa?” Wanakunywa. Ramani yetu ilikuwa imeweka tangi la choo na shimo la kunyonya maji nyuma kabisa, kama kila mtu anavyoweka, choo kisionekane. Tukapima, yeye ncha moja na mimi ncha nyingine: mita tisa kutoka shimo letu hadi kisima chao. Ardhi yetu ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe, maji hupita humo kama kwenye chujio la tui. Akachora kwa kalamu juu ya ramani: vyote vije mbele, karibu na barabara. Tukapima tena, mita 26. “Na lori la kunyonya litafika bila kukuvunjia ua,” akasema. Mimi, msanifu na injinia, hakuna aliyewaza lori.

Basi ramani zikarudi kurekebishwa, na uhandisi nao wakazirudisha kwa lao. Pembeni ya karatasi maelezo yalikuwa bado yanataja kanuni za ujenzi za 1968, na tangu Machi 2025 zinazotumika ni za 2024. Msanifu alikuwa amenakili kutoka kazi ya zamani. Mstari mmoja, siku kumi na moja.

Siku 60 zikapita. Sheria ile ile ya 2019 inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ihesabiwe amekubaliwa, na fundi alipolisikia hili akataka kuchimba kesho yake. Injinia akatukataza. Kwanza sisi tulikuwa tumejibiwa: kurudishiwa ramani kwa maandishi ni jibu. Pili, hata ungekuwa hujajibiwa, ukienda kusajili mradi NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, wanataka karatasi ya idhini, ukienda benki wanataka karatasi ya idhini, na askari mwenye kopo la rangi humsomei kifungu. Tukangoja.

Alhamisi, 11 Septemba, simu ikalia ujumbe. Siku ya 94. Ramani zenye mihuri na barua ya idhini, ambayo watu wa hapa bado wanaiita PPA2, jina la fomu ya sheria ya zamani. Barua ina masharti nyuma kwa herufi ndogo, zisome. La kwangu lililonigharimu ni la ukaguzi: msingi ukaguliwe kabla ya kumwaga zege. Niliomba mkaguzi Jumatatu, akaja Ijumaa, na katikati yao vuli ikafungua mdomo. Mtaro ukajaa, upande mmoja ukabomoka, vibarua wanne wakalipwa siku mbili za kutoa tope. Kaunti inayotoza kwa haraka vile ingeweza kukagua kwa haraka pia.

Nikihesabu yote, kaunti yenyewe imenichukulia 25,000 kamili, na makosa yangu na ya msanifu yamenichukulia muda karibu sawa na wao. Nyota tatu. Malipo na watu wa ndani wameniinulia alama. Skrini isiyosema faili iko wapi, na vitabu vya kodi visivyojua hati, vimenishushia. Yule jirani wa X ameanza kuomba kibali akiwa na nyumba iliyofika linta, na kwake wametaka pia ripoti ya injinia juu ya kilichokwisha kujengwa.

Wiki iliyopita wamepita tena. Fundi alikuwa juu ya jukwaa, akamwambia msaidizi wake afungue debe la rangi tupu tunamoweka ramani zisilowe. Askari akaangalia muhuri, akaangalia namba ya ploti, akageuza karatasi upande wa pili, kisha akauliza kwa nini tangi la choo liko mbele ya nyumba.