Uzoefu wangu: simu ya zamani, memori ndogo, niiruti au niache?

Niseme mapema kabisa maana najua wengi mnaosoma hapa simu zenu zimejaa: kuruti simu (root, yaani kufungua kufuli la mfumo uwe na mamlaka ya juu kabisa) peke yake hakuongezi hata MB moja. Kunakupa mamlaka juu ya simu, basi, nafasi itakuja au isije kutegemea utayatumiaje hayo mamlaka, na mara nyingi kazi ileile inafanyika bila kuruti kabisa. Mimi nimelishughulikia hili kwenye simu mbili, moja nikaamua isirutiwe na nyingine nikairuti, na maamuzi yote mawili nimeridhika nayo, ndio maana naandika kwa urefu kidogo.

Simu ya kwanza ndio ya kila siku, Android 7.0, RAM GB 1, memori ya ndani GB 8. Hizo 8 ni za kwenye boksi, ukishaiwasha mfumo umechukua karibu nusu, unabaki na kama 4 hivi. Weka WhatsApp, apu ya benki, kivinjari, ramani, halafu zile apdeti zinazojiingiza zenyewe usiku, umemaliza. Unakuta juu ya skrini imeandikwa "Nafasi ya kuhifadhi inakaribia kujaa. Baadhi ya vipengee vya mfumo huenda visifanye kazi", na kweli havifanyi, kamera inagoma, voisi ya WhatsApp inazunguka tu haishuki, Play Store inakataa kushusha apu ya MB 20 wakati ukiingia Hifadhi unaona bado kuna MB 400. Hili la mwisho linawachanganya wengi. Android haisubiri nafasi ifike sifuri, inajiwekea akiba, ukishaigusa hiyo akiba inaanza kubana mambo. Halafu apu ikishushwa inataka nafasi ya faili lenyewe, nafasi ya kulifungulia, na nafasi ya data zake itakazozitengeneza baadaye, kwa hiyo ile MB 20 ya Play Store sio ukubwa wake halisi ikishakaa ndani ya simu.

Sasa ushauri unaoukuta kila kona ni "ruti simu ufute zile apu za kampuni utapata nafasi". Hapa ndipo watu wanapotea. Memori ya simu imegawanywa patisheni, kuna ya mfumo inayoitwa system na kuna ya kwako inayoitwa data. Zile apu zilizokuja na simu zinakaa kwenye system, apu zako, picha, meseji, vyote vinakaa data. Ni kama nyumba ya vyumba viwili, ukitoa kabati kwenye chumba cha pili sebule haipanuki. Unaweza kuruti, ukafuta apu kumi za kampuni, ukaingia Hifadhi ukakuta nafasi yako imesimama palepale ilipokuwa, sana sana imeongezeka kidogo kwa sababu data za hizo apu zimeondoka. Nafasi uliyoifungua ipo kweli, ila ipo system, na wewe huwezi kuweka picha huko.

Kwa haki ya waliosema kuruti kunasaidia, ipo njia moja ambayo inasaidia kweli na sio watu wengi wanaielezea vizuri. Apu iliyokuja na simu, tuseme Chrome au ramani, ikipata apdeti haifuti ile ya zamani. Ya zamani inabaki system, mpya inakaa data, kwa hiyo simu yako inabeba apu moja mara mbili na ile nakala nzito inakula upande wako. Ukiwa na ruti, apu kama Link2SD au Titanium Backup zinaweza kuichukua ile apdeti zikaisukuma iingie system badala ya ile ya zamani. Hapo ukifuta kwanza takataka za system kisha ukahamishia apdeti kubwa huko, unapata mamia ya MB upande wako. Hii ndio faida ya kweli ya kuruti kwenye swala la nafasi, mtu akikwambia "futa tu" bila kukwambia hii hatua ya pili basi hajakusaidia.

Sasa kwa nini hiyo ya kila siku sikuiruti pamoja na kujua hilo? Kwanza apu ya benki. Google wana mfumo wa kuchunguza kama simu iko salama, zamani ulikuwa unaitwa SafetyNet siku hizi ni Play Integrity, na apu za fedha nyingi zinauuliza kabla hazijafunguka. Ikionekana butiloda (programu ya kwanza inayowasha mfumo wa simu, kiwandani huwa imefungwa) imefunguliwa au kuna ruti, apu inakataa. Najua watu wanaficha ruti kwa Magisk (programu ya kuruti) na moduli zake, inafanya kazi leo, wiki ijayo Google wanabadilisha kitu unaanza upya kuhangaika, na mimi siwezi kuwa nimesimama nataka kulipa kitu halafu apu inaniambia kifaa changu hakiaminiki. Pili, njia safi ya kuruti kwa sasa ni Magisk, ipo tangu 2016, na Magisk inataka ufungue butiloda, na kufungua butiloda kunafuta kila kitu kwenye simu, sio onyo la kutishia watu, ni hivyo ilivyotengenezwa ili mwizi asifungue simu akakuta data zako. Halafu unahitaji faili la boot (la kuwashia simu) la famwea ileile uliyonayo, yaani mfumo wa kiwandani wa simu yako, namba kwa namba, ukiweka la toleo jingine simu inaweza kukwama kwenye nembo isiwake. Kwa simu za kawaida zinazojulikana dunia nzima hilo faili utalipata, kwa simu ndogondogo za bei ya chini, ambazo ndizo zenye GB 8, kulipata famwea halisi ni kazi. Wenye Samsung mna la ziada, ukiflashi (ukipandikiza kwenye mfumo) kitu kisicho rasmi alama ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, inageuka 0x1 na hairudi tena hata urudishe mfumo wa kiwandani.

Kuna zile apu za kubonyeza mara moja simu imerutiwa. Hebu elewa zinavyofanya kazi kabla hujabonyeza. Zinatumia tundu la usalama kwenye simu, ndio zinaingilia hapo. Apu ya Towelroot ya 2014 ilitumia hitilafu ya Linux, kiini cha Android, na hitilafu nyingine ya hukohuko iliyoitwa Dirty COW, ya 2016, nayo watu waliitumia hivyohivyo. Maana yake ni mbili: simu yako ikiwa na viraka vya usalama vya baada ya tundu husika haitarutika, na ikirutika ujue tundu hilohilo liko wazi kwa apu nyingine yoyote mbaya. Tena unampa mtu usiyemjua mamlaka ya juu kabisa ya simu yako, na faili umelitoa kwenye tovuti iliyojaa vitufe vya kijani vya kushusha ambavyo hujui kipi ndio chenyewe. Kwa simu yenye namba zako, picha za watoto na hela zako, mimi nasema hapana.

Nilichokifanya badala yake ndio hiki. Nilianza kwenye WhatsApp, maana kwenye simu nyingi za namna hii tatizo liko pale na wala sio kwenye mfumo. Fungua faili za simu, ingia WhatsApp, Media, halafu angalia folda zinazoitwa Sent. Kila picha na video uliyomtumia mtu inatengenezewa nakala humo, kwa hiyo video uliyorekodi mwenyewe ukaituma iko kwenye kamera na iko Sent. Ukitoka hapo ingia folda ya Databases, utakuta bakapu za meseji za siku kadhaa zimepangana, kila moja inakaribia ukubwa wa mwenzake, acha ile isiyo na tarehe kwenye jina na moja ya karibuni, nyingine futa. Hakuna ruti hapo wala kompyuta, na simu ilianza kupumua.

Kisha nikaenda kwa zile apu za kampuni. Kwenye Mipangilio kwa apu ambayo huitumii bonyeza Ondoa masasisho halafu Zima, ile nakala nzito ya upande wa data inaondoka. Zile ambazo kitufe cha Zima kimefifia nikatumia kompyuta na adb, programu ya kuiamrisha simu kutoka kwenye kompyuta. Unaingia Kuhusu simu, unabonyeza Nambari ya muundo mara 7 mpaka ikwambie wewe sasa ni msanidi, unawasha Utatuzi wa USB, unachomeka waya, halafu unaandika adb shell na kisha pm uninstall --user 0 ukifuatisha jina la kifurushi cha apu (package name). Ikikujibu Success imetoka kwako. Wengi wanakopi ile amri yenye -k katikati, hiyo -k inaiambia simu ibakize data za apu, kwa hiyo kama shida yako ni nafasi usiiweke. Na apu haijafutika moja kwa moja, faili lake bado lipo system, ukifanya fekitri riseti linarudi, ambayo kwangu ni faida, maana hata ukitoa kitu simu ikaleta shida una njia ya kurudi. Ila usitoe usichokijua, apu yenye jina geni inaweza kuwa ndio inayoshughulikia laini au kibodi, tafuta jina lake kwanza.

Kubwa kuliko yote ni memori kadi. Tangu Android 6.0 ya 2015 simu inaweza kuifanya kadi iwe sehemu ya memori ya ndani, sio ya kuwekea picha tu. Watengenezaji wengine wameficha hilo chaguo, wa simu yangu alilificha, lakini mara nyingi limefichwa tu halijaondolewa. Kwa adb shell unaandika sm list-disks, inakujibu kitu kama disk:179,64, unachukua hiyo namba uliyopewa wewe na kuandika sm partition disk:179,64 private, kadi inafutwa yote kisha inaungwa. Baadaye unaingia Hifadhi, unachagua kadi, unabonyeza Hamisha data, na hapo picha, video na hata media za WhatsApp zinahamia kadi zenyewe, na apu zinazoruhusu kuhamishwa unazihamisha. Hii ndio iliyonimalizia mjadala wa kuruti kwa simu ile. Masharti yake nayo niyaseme wazi: kadi inafungwa kwa usimbaji na simu ile tu, ukiichomeka kwenye kompyuta haisomeki, ukiichomoa simu ikiwa inafanya kazi apu zinapotea, kadi ikifa vilivyomo vimekwenda, kwa hiyo bakapu ya picha weka kwingine. Na usiweke kadi ya kubahatisha. Tafuta yenye alama ya A1, hiyo imepimwa angalau mara 1,500 za kusoma na 500 za kuandika faili ndogondogo kwa sekunde, ndio kitu apu inachohitaji. Kadi ya polepole itakufanya uichukie simu.

Simu ya pili habari yake ni tofauti. Hiyo ni Android 4.4, GB 4 za ndani, haina uwezo wa kuunga kadi kwa sababu ni ya kabla ya 6.0, na tangu Januari 2025 WhatsApp imeacha kuhudumia 4.4. Sio ya benki, sio ya meseji, ni ya muziki, mahubiri na kusoma vitabu vya PDF. Hiyo niliiruti bila wasiwasi, laini nimetoa, akaunti yangu kuu nimetoa, hata kitu kibaya kikiingia hakina cha kuchukua. Kadi nikaigawa kwa kompyuta patisheni mbili, ya kwanza ya mfumo wa faili wa FAT32 kwa muziki, ya pili ya ext4 kwa apu, zote ziwe za aina ya msingi (primary), la sivyo Link2SD haiioni ile ya pili. Ukishaiunganisha apu kwa Link2SD, inakaa kadi ila simu inaamini iko ndani. Faida nyingine ambayo sikuwa nimeilenga ni kwamba 4.4 ilizuia apu za kawaida kuandika popote kwenye kadi, ukitaka kuhamisha faili inakataa, na kwa ruti unarekebisha ruhusa hiyo. Ile simu sasa inafanya kazi yake vizuri kabisa na nimefuta humo apu za kampuni zilizokuwa zinajiwasha zenyewe zikila RAM, betri nayo inadumu zaidi.

Kwa hiyo swali langu kwa mtu akiniuliza huwa sio simu yako ina GB ngapi, namuuliza simu hiyo inabeba nini. Inabeba hela na mawasiliano yako, maliza kwanza hayo ya WhatsApp, adb na kadi, nina uhakika wengi hamtafika hata kwenye ruti. Imebaki ya kazi moja tu, ruti, ila chaji betri ijae, hakikisha una famwea ya kiwandani ya modeli ileile kwenye kompyuta kabla hujagusa chochote, na waya uwe mzima usiolegea. Wenye simu isiyo na sehemu ya kadi kabisa ndio nawaonea huruma, maana kwenu baada ya kusafisha WhatsApp na masasisho kinachobaki ni ile njia ya kusukuma apdeti system au kuweka romu nyepesi (mfumo mbadala wa Android) kama LineageOS kama modeli yenu ipo kwenye orodha yao, na zote mbili zinaanzia kwenye kufungua butiloda, kwa hiyo hamisheni picha kwanza.