Miezi mitatu katika chumba cha kazi za mbali, Lubumbashi

Chumba ninachokieleza hapa kiko katikati ya mji wa Lubumbashi. Kina meza kumi na mbili, intaneti ya setilaiti, betri na jenereta, na bei yake ni dola 5 kwa siku au dola 70 kwa mwezi. Nililipia miezi mitatu mfululizo, kwa sababu mkataba wangu wa uhasibu katika kampuni inayohudumia migodi ulikuwa umekwisha, na tangazo la mlangoni lilinivutia: lilisema kwamba hapo mtu anaweza kupata kazi popote duniani bila kuondoka mjini.

Kwa upande wa umeme na intaneti, ahadi hiyo ilitimizwa kabisa. Nyumbani kwangu Katuba umeme huweza kukosekana kutwa nzima, ingawa tangu mwaka 1982 kuna laini inayoleta umeme wa mabwawa ya Inga, kwenye Mto Kongo, hadi Kolwezi, umbali wa kilomita zipatazo 1,700, kwa ajili ya migodi ya Katanga yetu. Siku moja jenereta ya chumba ilinyamaza nikiwa katikati ya mtihani wa majaribio wa dakika 60. Mama anayesimamia chumba alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Papa, endelea tu, betri itakufikisha," na kweli ikanifikisha.

Hata hivyo, meza nzuri haimfungulii mtu milango yote, na hapo ndipo tangazo linapozidisha. Katika miezi hiyo niliandika maombi 43. Matangazo mengi yaliyosema kazi ni ya mbali yalikuwa na sharti, mara nyingi mwishoni kabisa, kwamba mwombaji awe anaishi Marekani au katika nchi za Ulaya. Mengine yalidai Kiingereza cha kila siku kazini, na sisi tuliosoma uhasibu kwa Kifaransa hujikuta tunajifunza upya hata majina ya vitabu vya hesabu. Palipokuwa hakuna vizuizi hivyo, nilikwama kwenye kitambulisho: Wakongo wengi tunatumia kadi ya mpiga kura, lakini mtandao mmoja wa ajira uliikataa mara mbili ukitaka pasipoti, ambayo sikuwa nayo. Mwajiri mwingine aliniomba nilipe kwanza gharama za mafunzo. Nilimkatalia, na ninamsihi kila anayesoma haya afanye vivyo hivyo, kwa kuwa mwajiri wa kweli ndiye anayelipa.

Lawama yangu kubwa kwa chumba chenyewe ni saa zake. Kinafungwa saa kumi na mbili jioni. Niliitwa kwenye usaili mmoja tu, saa tisa alasiri ya New York, ambayo kati ya Aprili na Oktoba ni saa tatu usiku kwetu. Fomu ya mwajiri ilihesabu Kongo nzima kwa saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ilinionyesha saa mbili, nami nikakaa saa nzima mbele ya kioo kitupu nikidhani nimesahauliwa. Walipopiga, nilikuwa nyumbani, umeme ulikatika baada ya dakika kumi na mbili, na data za simu hazikuweza kubeba picha na sauti pamoja. Niliandika barua ya kuomba radhi usiku huo huo. Sikujibiwa. Iliniuma sana, kwa sababu kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa nimelipia umeme usiokatika, na saa pekee niliyouhitaji kwa dhati, mlango ulikuwa umefungwa.

Kwa mtu ambaye tayari ana kazi ya mbali na mwajiri aliye Paris, London au Johannesburg, ambako saa zinakaribiana na zetu, ningesema alipe dola 70 bila kusita. Anayetafuta bado asilipe mwezi mzima: aandae barua na wasifu wake nyumbani, kisha alipie siku za kutuma maombi na za mitihani.

Nilimweleza mama msimamizi yaliyonipata. Alinisikiliza hadi mwisho, na wiki mbili baadaye akatangaza kwamba Jumanne na Alhamisi chumba kitakuwa wazi hadi saa nne usiku kwa wanaoweka nafasi mapema. Alhamisi ijayo nimekwisha kuilipia.