Publish or Perish: ni ya bure, lakini jasho ni lako

Ukiitaka namba moja tu ya kujaza kwenye fomu ya kupandishwa cheo, programu hii ya kuhesabu manukuu ya watafiti itakupa kwa sekunde chache, na huenda namba hiyo ikawa ya uongo. Ukiwa tayari kukaa nayo kitako asubuhi nzima, sijaona ya bure inayoishinda. Nasema hivi kama mkutubi wa chuo, mtu anayeulizwa "h yangu ni ngapi?" kuliko anavyoulizwa vitabu viko wapi.

Publish or Perish ilitoka mwaka 2006, kazi ya Anne-Wil Harzing, profesa wa menejimenti. Mwaka mmoja kabla, mwanafizikia Jorge Hirsch alikuwa amependekeza fahirisi ya h: ukiwa na makala 5 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 5, na huna ya sita iliyofika 6, h yako ni 5. Unaipakua kwenye Windows au Mac, unaandika jina la mtafiti, nayo inachota kumbukumbu kutoka hifadhidata za makala za kitaaluma kama Google Scholar, Crossref, OpenAlex au PubMed, kisha inapiga hesabu. Scopus na Web of Science zimo pia, ila zina masharti yake. Sura yake haivutii, majedwali juu ya majedwali. Sikununua picha, wala sikununua kitu.

Ninachoipendea ni kipengele kimoja ambacho wengi hawakiangalii: hI,annual. Mwanahistoria anaandika peke yake, kitabu kinamla miaka. Mtafiti wa tiba anatoa makala yenye majina kumi na zaidi. Ukiwapanga kwa h tupu, umeshaamua mshindi kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja. Hirsch mwenyewe, katika makala yake ileile ya 2005, alionyesha kwamba h za wanabiolojia huwa juu kuliko za wanafizikia. Sasa hI,annual, ambayo Harzing na wenzake waliieleza mwaka 2014, hugawa manukuu ya kila makala kwa idadi ya waandishi, huhesabu h upya (hiyo ndiyo hI,norm), kisha huigawa kwa miaka tangu chapisho la kwanza. Ipo makala ya fizikia ya mwaka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kwa h ya kawaida, kila mmoja wao anabeba manukuu yote. Kwa hI,annual, gawio lake halionekani hata kwa miwani.

Shida inaanzia kwenye data. Google Scholar ina upana wa ajabu: vitabu, tasnifu, ripoti, makala za lugha zisizo Kiingereza. Ndiyo maana watu wa fasihi na historia huonekana humo kuliko kwingineko. Lakini pumba na mchele viko gunia moja. Majina yanayofanana yanachanganywa, na makala moja inakuja mara tatu kwa sababu kuna aliyekosea kichwa chake kwenye orodha ya marejeleo. Dawa ipo: ondoa tiki kwenye mstari usio wako, buruta nakala moja juu ya nyingine ziungane, na hesabu inabadilika papo hapo. Chunga zaidi mwaka wa chapisho la kwanza. Mtu ana hI,norm ya 12 na miaka 15 kazini, hivyo hI,annual yake ni 0.8. Mstari mmoja ambao namba ya ukurasa, tuseme 1965, imesomwa kuwa mwaka, unamzeesha hadi miaka 60 hivi, na 0.8 yake inakuwa 0.2. Mstari mmoja tu!

Utafutaji mmoja kwenye Google Scholar hauvuki matokeo 1,000, na ukiuliza harakaharaka utatakiwa kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Hayo yanavumilika. Lisilotibika humu ni kwamba kugawa kwa waandishi si kulinganisha fani. Mwanafunzi aliyefanya kazi yote na mkuu wa maabara aliyeweka jina wanapata fungu sawa, na kitabu cha kurasa 400 kinahesabiwa kitu kimoja kama makala ya kurasa 6. Kamati inayotaka kulinganisha fani kwa kweli itafute kipimo kinachoweka kila makala mbele ya makala za fani ileile, mwaka uleule na aina ileile, ambapo 1.00 ndio wastani wa dunia. Hicho hukipati hapa. Kiko kwenye huduma za kulipia, na OpenAlex nao hukitoa bure kwenye tovuti yao.

Ukimaliza kusafisha, hamishia orodha kwenye Excel, uandike chanzo na tarehe, maana h ya Google Scholar kwa kawaida huwa kubwa kuliko ya Scopus kwa mtu yuleyule, na kamati zingine hujifanya hazijui. Na kwa wanaouliza kama inaingia kwenye simu: haiingii, tafuta kompyuta.