Kasha la haddiski la USB kwenye Linux Mint, uzoefu wangu

Mimi kazi yangu kupiga video hapa Lamu mjini, nikahi, maulidi pale Riyadha, mashindano ya majahazi, na laptopu yangu inatumia mfumo wa Linux Mint badala ya Windows miaka minne sasa. Juzi juzi nikatoa haddiski ya laptopu ya zamani nikataka niitie kwenye kasha la USB 3 niichomeke kwa nje, kasha nikaagiza Malindi likaja na basi mpaka Mokowe kisha boti, la bei nafuu tu, halina hata jina.

Kuchomeka, taa ya buluu imewaka, haddiski imeonekana, roho ikatulia. Nikaanza kukopi folda ya nikahi moja ya Shela, giga 60, ikaenda dakika kama tatu halafu kimya, mstari umeganda, taa inawaka mara moja inazima, baada ya nusu dakika inawaka tena, folda haifunguki wala haifungiki. Nikachomoa nikarudia, yale yale. Fundi mmoja akaniambia haddiski hiyo imekufa, ifomati tu. Wallahi nashukuru sikumsikiza maana mle ndani mna harusi nne sina kopi nyingine!

Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika sudo dmesg -w, inaonyesha yanayotokea ndani ya mfumo, nikaiacha wazi huku nakopi. Ilipoganda tu ikamwaga mistari, neno uas linajirudia na mbele yake reset, reset. Haddiski nzima kabisa, tatizo ni chipu ya kasha. Linux ina draiva mbili, yaani programu za kuendesha kifaa, za haddiski za USB, usb-storage ya zamani inayotuma amri moja ikasubiri jibu ndipo itume nyingine, na uas inayotuma nyingi kwa mpigo. Sasa hizi chipu za bei rahisi zinajitangaza kwamba uas zinaiweza, kazi ikiwa nzito zinashindwa. Kerneli, yaani kiini cha Linux, ina orodha yake ya vifaa vya namna hii ikikiona inakizimia uas yenyewe, ila langu halimo.

Dawa yake, andika lsusb, utaona namba za kasha lako kwa mfano abcd:1234, kisha andika hizi mbili ukiweka namba zako:

echo "options usb-storage quirks=abcd:1234:u" | sudo tee /etc/modprobe.d/kasha.conf
sudo update-initramfs -u

Zima washa. Hiyo u ya mwisho ndiyo inayokataza uas, usiisahau. Halafu lsusb -t, pale kwenye Driver isome usb-storage.

Nikaanza upya zile giga 60, nikaenda kuswali isha, narudi zimeingia zote, na mpaka leo haijaganda hata mara moja. Kasi sijaona tofauti kwa sababu haddiski yangu ni ya kuzunguka, mwenye SSD, ile isiyo na sahani ya kuzunguka, atapungukiwa kidogo.

Kadi za kamera za exFAT, ule mpangilio wa faili wa kadi kubwa, hazikunisumbua, toka kerneli 5.7 ya 2020 draiva nzuri imo ndani, ukichomeka inasoma.

Kasha lenyewe nalipa nyota nne kwa tano, nyota moja nimekata kwa ajili ya kebo, imelegea ukigusa meza tu haddiski inapotea, nimenunua nyingine fupi ndiyo natumia.