FA Cup bila mechi za marudiano: nyota 2 kati ya 5

Nimeangalia FA Cup, kombe la mtoano la England, tangu wafute marudiano (mechi ya pili timu zikitoka sare) msimu wa 2024/25 na bado roho inaniuma. Januari 2025 Tamworth, timu ya daraja la tano, wamewabana Tottenham 0-0 dakika 90 nzima, yaani zamani hapo wangepanda basi kwenda London kurudiana mbele ya uwanja uliojaa na kugawana mapato ya mlangoni, sasa wakaongezewa dakika 30, miguu imeisha, wakafungwa 3, basi. Exeter City, timu ndogo, mwaka 2005 walitoa sare Old Trafford kwa Manchester United, wakarudiana kwao na ile hela ikawasaidia sana wasizame kwa madeni. Hiyo njia imefungwa kuanzia raundi ya kwanza.

Najua wakubwa wana ratiba ngumu, Ulaya imeongeza mechi, wachezaji wanachoka kweli. Lakini FA (chama cha soka England) na Premier League (ligi kuu) walikubaliana kufuta marudiano Aprili 2024 na klabu za chini zikalalamika hazikushirikishwa, hapo ndo pananikera zaidi. Raundi kuwekwa wikendi ni poa, hiyo nawapa. Ila warudishe marudiano hata raundi ya tatu tu jamani.