Seti ya uzio wa umeme wa sola ya jouli 1: inafaa bustani yenye tumbili?

Tumbili huizoea sanamu ya shambani upesi sana, na mbwa mmoja hawezi kulinda pande nne kwa wakati mmoja. Kwa bustani ya robo eka iliyo kando ya msitu au korongo, seti ndogo za uzio wa umeme wa sola zinastahili pesa yake. Teknolojia ni ileile inayozunguka msitu wa Aberdare nchini Kenya, uzio wa kilomita zipatazo 400 uliokamilika mwaka 2009. Mashine inayotuma shoti kwenye waya, ya jouli 1 (jouli ni kipimo cha nishati ya kila shoti), inatosha na kubaki. Vinavyoiangusha seti ni vitu viwili vinavyopunjwa ndani ya boksi: arthi na betri.

Anza na arthi. Mnyama akigusa waya, umeme hupita mwilini mwake, huingia ardhini, kisha hurudi kwenye mashine kupitia fimbo ya arthi. Njia hiyo ikiwa mbovu, nguruwe mwitu atasukuma waya na kuingia huku mashine ikigonga tik-tik bila wasiwasi. Seti nyingi huja na fimbo moja fupi isiyofika mita moja, na kiangazi udongo unapokauka, hiyo ni kazi bure. Tafuta bomba la maji la chuma la nusu inchi lenye zinki, kata vipande vitatu vya mita 2, uvipigilie kwa kuachana mita 3, mahali penye unyevu, angalau mita 10 kutoka arthi ya umeme wa nyumba. Nondo tupu hushika kutu mapema. Waya wa kuviunganisha nao uwe wa zinki. Shaba ikikutana na zinki penye unyevu, zinki huliwa na kiungo hulegea.

Kupima ni rahisi. Zima mashine, nenda upande wa mbali wa uzio, chomeka nondo mbili tatu ardhini ziguse waya wenye umeme, kisha washa. Volti kwenye waya zikishuka chini ya 2,000, pima fimbo ya mwisho ya arthi. Ikisoma zaidi ya volti 300, ongeza fimbo nyingine. Kipimo cha volti cha uzio huuzwa peke yake, na bila hicho unabahatisha.

Sasa betri. Angalia kibandiko cha mashine: ikila amperi 0.15, kwa saa 24 inamaliza 3.6 Ah (amperi-saa, yaani amperi mara saa). Betri ya risasi na asidi ya 7 Ah haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una usalama wa siku moja tu ya mawingu. Masika ndiyo miezi ya mahindi mabichi, na ndiyo miezi jua linapofichika. Weka betri ya 18 Ah na paneli ya wati 20 badala ya ile ya 10. Usipofanya hivyo, betri inayokesha tupu kila mara itakufa mapema.

Kwa tumbili, namna ya kujenga ina uzito kuliko mashine. Nyaya zote zikiwa na umeme, tumbili anayeruka na kuning'inia hajagusa ardhi, basi hapigwi. Dawa ni wavu wa waya wenye urefu wa mita 1.2, uliounganishwa na arthi, na juu yake nyaya nne zenye umeme zikiachana sentimita 10. Akipanda wavu na kushika waya, anapata shoti kamili. Wavu na nyaya vipite upande wa nje wa nguzo, maana mti mkavu haupitishi umeme na atapanda nguzo kama ngazi. Fukia wavu sentimita 30 kwa ajili ya nungunungu, na upitishe waya mmoja wenye umeme nje yake, sentimita 20 kutoka ardhini, kwa ajili ya nguruwe. Matawi yote yaliyo ndani ya mita 3 ya uzio yakatwe, la sivyo gharama yote imekwenda na maji. Na uwashe umeme siku ileile unayomaliza kufunga. Tumbili aliyekwisha jifunza kupita salama ni mgumu kumrudisha nyuma.

Lenga volti 5,000 kwenda juu. Zikishuka, kwanza fyeka majani chini ya waya wa nguruwe. Nyasi mbichi huvuta umeme kimyakimya. Kisha zunguka usiku bila tochi: insuleta (kishikizo kinachotenga waya na nguzo) iliyopasuka hutoa cheche ndogo ya bluu na mlio mkavu.

Shoti yenyewe hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndiyo maana inauma bila kuua. Usitumie seng'enge kwenye uzio wa umeme, maana mtoto au mbuzi akinasa kwenye miiba atapigwa tena na tena. Na kamwe usiunganishe waya moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Huo unaua watu. Weka kibao cha onyo kila upande.

Kama adui yako ni popo kwenye maembe au ndege kwenye nyanya, usiinunue, nunua neti. Fuko anayekula viazi na mihogo kutoka chini naye haimgusi.