Duka la vitenge: kundi la WhatsApp au tangazo la kulipia?

Ukiwa na duka dogo la vitenge Kariakoo, tangazo la kulipia Instagram lina raha yake: unachagua mji, umri na jinsia, unaweka bajeti ya siku, picha inawafikia watu wasiokujua kabisa. Shida ni kwamba wengi huandika "bei?" kisha wanapotea. Na pesa ikiisha, tangazo nalo limeisha.

Kundi la WhatsApp hukua polepole, na mwisho wake ni watu 1,024. Lakini humo yumo fundi cherehani anayeuliza kama yadi 6 zinatosha gauni la solo na kilemba, na kamati ya harusi inayosaka sare. Mzigo ukifunguliwa, unapiga picha kitambaa juani, ukingo wenye jina la kiwanda uonekane. Mtu analipa kwa simu, kifurushi kinapanda basi la Dodoma. Aliyependeza anakuletea shoga yake. (Ila ukiposti usiku wa manane, watu wanajitoa.)

Mimi ningeanza na kundi. Tangazo ningelilipia karibu na Idi tu, tena liwaelekeze watu kwenye kundi hilohilo.